Tower Hamlets Si Kisa cha Wizi wa Kura

Uchaguzi wa halmashauri za London umepangwa tarehe 7 Mei 2026, na habari moja ya zamani imefukuliwa na kuanza kusambazwa upya kwenye magrupu ya WhatsApp: Lutfur Rahman, meya wa halmashauri ya Tower Hamlets mashariki mwa London, aliyevuliwa ushindi na mahakama 2015, kisha wapiga kura wakamrudisha 2022. Kwenye grupu moja la Waswahili wa London nilimo, mtu aliibandika na neno moja tu, "Kumbe!", na vicheko vikaendelea kutwa nzima. Hata hao wanaokuja kutukagua uchaguzi wetu nao wanaiba kura! Waingereza wengi wana tafsiri yao, yenye kicheko kidogo na hasira nyingi: wahamiaji wameingiza mashariki mwa London siasa za ukoo kutoka Bangladesh, na dawa yake ni ulinzi mkali vituoni.

Tafsiri zote mbili zimekodolea macho sanduku la kura, na kwa maoni yangu sipo pa kuangalia. Kilichoharibika Tower Hamlets ni kiti. Kiti cha meya kimerundikiwa madaraka mengi, jirani yake hakuna mwenye nguvu ya kusema "hapana", na aliyekikalia akikosea, ngazi ya kumfikia ni ndefu na ya gharama kiasi kwamba mwaka 2014 waliojitosa kuipanda walikuwa raia wanne. Kurudi kwa meya yule yule kuna maelezo ya kawaida sana, ya chakula cha watoto shuleni na barabara zilizofungwa. Kumwita mpiga kura wake mwizi au kondoo ni uvivu wa kufikiri.

Kwa wasiopafahamu: ukitoka kwenye ngome ya kale ya Tower of London ukafuata Mto Thames kuelekea mashariki, tayari uko Tower Hamlets. Halmashauri hii ilizaliwa 1965 kwa kuunganisha manispaa tatu, Bethnal Green, Poplar na Stepney. Sensa ya 2021 ilihesabu watu 310,306, na hakuna halmashauri ya England iliyosongamana kuliko hiyo. Maghorofa ya mabenki ya Canary Wharf yamesimama palipokuwa magati ya meli, na mwendo mfupi kutoka hapo unakuta majengo ya halmashauri yenye nguo zimeanikwa kwenye vibaraza kwa sababu ndani hakuna nafasi. Asilimia 34.6 ya wakazi wana asili ya Bangladesh. Kabla yao walipita Wahuguenoti (Waprotestanti waliokimbia Ufaransa), Waayalandi na Wayahudi. Msikiti mkubwa wa mtaa wa Brick Lane ulijengwa 1743 kama kanisa la Waprotestanti wa Kifaransa, baadaye ukawa sinagogi, na 1976 ukawa msikiti. Kuta ni zile zile.

Ugomvi wa siasa nao ni wa zamani kuliko watu wanaolaumiwa kwa kuuleta. Mwaka 1921 madiwani 30 wa Poplar, wakiongozwa na George Lansbury, walikwenda jela kwa sababu walikataa kutoza wananchi fedha za kupeleka ngazi za juu za London, wakidai kwamba mtaa wa maskini hauwezi kubeba mzigo sawa na mtaa wa matajiri. Septemba 1993, kwenye uchaguzi mdogo wa kata ya Millwall, chama cha BNP cha wabaguzi wa rangi kilipata diwani wake wa kwanza kwa tofauti ya kura saba. Mtaji wake ulikuwa nyumba: Wazungu maskini waliaminishwa kwamba Wabangali wanawaruka kwenye foleni. Mei 1994 wapiga kura wakamwondoa. Kwa hiyo anayesema siasa za "watu wetu kwanza" zilishuka na ndege kutoka Sylhet, Bangladesh, anieleze zilifanya nini pale kabla Mbangali yeyote hajaonja umeya.

Sasa kiti chenyewe. Hadi 2010 Tower Hamlets ilikuwa na utaratibu ambao Mtanzania angeutambua: wananchi wanachagua madiwani, madiwani wanachagua kiongozi miongoni mwao. Mei mwaka huo kura ya maoni ikaamua kwamba meya achaguliwe moja kwa moja na wananchi. Lutfur Rahman, wakili aliyezaliwa Bangladesh na kukulia hapo hapo East End, alikuwa ameiongoza halmashauri kwa tiketi ya Labour tangu 2008. Labour ikampitisha kugombea umeya, kisha makao makuu ya chama yakamwengua. Akasimama kama mgombea binafsi, na Oktoba 2010 akashinda kwa zaidi ya nusu ya kura. Meya wa aina hii anajiteulia baraza lake, anapitisha maamuzi mengi kwa saini yake peke yake, na bajeti yake haibadilishwi hadi theluthi mbili ya madiwani wakubaliane. Kwenye ukumbi wa madiwani 45, maana yake ni 30. Kwetu meya anatoka kwa madiwani na madiwani hao hao wanaweza kumng'oa, kama jiji la Dar es Salaam lilivyoshuhudia Januari 2020, na mwenye kalamu ya fedha za kila siku ni mkurugenzi. Siusifu utaratibu wetu, una vidonda vyake. Nasema tu kwamba meya wetu hana kiti kama kile.

Rahman alitetea kiti hicho tarehe 22 Mei 2014 na kumshinda John Biggs wa Labour kwa kura 37,395 dhidi ya 34,143, baada ya chaguo la pili la wapiga kura kuhesabiwa (wakati huo kila mpiga kura aliweza kuweka chaguo la kwanza na la pili). Waliokwenda mahakamani kupinga hawakuwa polisi, wala Tume ya Uchaguzi, wala Labour iliyoshindwa. Walikuwa wapiga kura wanne wakiongozwa na Andy Erlam. Sheria ya Uingereza inataka kesi ya kupinga uchaguzi wa halmashauri ifunguliwe ndani ya siku 21, na ikifunguliwa na wapiga kura wa kawaida wasipungue wanne. Wakishindwa, gharama za mawakili wa upande wa pili zinaweza kuwala nyumba zao. Tarehe 23 Aprili 2015 kamishna wa uchaguzi, yaani mwenye kazi ya jaji kwenye kesi za aina hii, Richard Mawrey, alitengua matokeo, akamfungia Rahman kugombea kwa miaka mitano na kumwamuru alipe pauni 250,000 za mwanzo kwa gharama za kesi. Rahman alikanusha kutenda kosa lolote, na uchunguzi wa polisi uliofuata haukumfikisha kwenye mashtaka ya jinai.

Alichokikuta Mawrey ndicho msomaji wa Kiswahili anachopaswa kukisoma polepole. Zilikuwepo kura za posta zenye hitilafu na majina yaliyoandikishwa kwenye anwani wasikoishi wenyewe, kweli. Lakini moyo wa hukumu haukuwa hapo. Ulikuwa kwenye ruzuku: fedha za umma zilizoelekezwa kwa vikundi vya jamii kwa namna ambayo kamishna aliiona ni hongo ya kununua uungwaji mkono. Kulikuwa pia na kauli za uongo dhidi ya Biggs, kwamba ni mbaguzi wa rangi, na barua ya maimamu 101 kwenye gazeti la Kibangali. Sisi tuna neno kamili la jambo hili la ruzuku, na tumelipigania mahakamani: takrima. Mwaka 2000 sheria ya Tanzania iliruhusu mgombea kukirimu wapiga kura kwa nia njema, na 2006 Mahakama Kuu ikaifuta ruhusa hiyo kwa kuwa inamnyima haki kila asiyekuwa na mfuko. Makosa haya yana babu mmoja, sheria ya Uingereza ya 1883 dhidi ya rushwa za uchaguzi, ambayo vizazi vyake vilisafiri hadi kwetu na ukoloni. Tofauti ni kwamba mgombea wa kwetu hukirimu kwa pilau na kanga za mfuko wake, au wa mfadhili wake. Anayekalia kiti cha Tower Hamlets ana bajeti ya halmashauri nzima, na ruzuku kwa kikundi cha wazee au darasa la jioni ni kazi yake halali. Mpaka kati ya huduma na takrima uko kwenye nia na kwenye karatasi za maamuzi. Mwizi wa kura hukamatwa kituoni. Huyu hukamatwa na mkaguzi wa hesabu.

Ndiyo maana dawa iliyotolewa baadaye inanishangaza. Eric Pickles, aliyekuwa waziri wa serikali za mitaa, alipewa kazi ya kutazama udanganyifu wa uchaguzi baada ya hukumu ile. Ripoti yake ilitoka 2016, na mojawapo ya matunda yake ni sheria ya 2022 inayomtaka mpiga kura aoneshe kitambulisho chenye picha. Mara yangu ya kwanza kupiga kura London, miaka ya nyuma, nilifika kwenye ukumbi wa kanisa nimebeba pasi, bili ya maji na wasiwasi. Karani mwenye umri wa mama yangu akaniuliza jina na anwani tu, akachora mstari kwenye daftari kwa rula, akanipa karatasi. Kwenye kibanda kulikuwa na penseli imefungwa kwa uzi. Nilitoka nikiangalia kidole changu kisicho na wino kama mtu aliyesahau kitu. Utaratibu ule ulikuwa wa imani kupita kiasi, na sina machungu kwamba umekwisha. Ila hapo Mei 2023, kitambulisho kilipoanza kutumika kwenye uchaguzi wa halmashauri, watu wapatao 14,000 walirudi nyumbani bila kupiga kura, na orodha iliyopitishwa ilikubali kadi ya usafiri ya mzee wa London huku ikikataa ya mwanafunzi. Hakuna kitambulisho duniani ambacho kingezuia ruzuku moja isiyostahili.

Sasa 2022, ambako ndiko hoja dhaifu kuliko zote inakojificha. Rahman alirudi na chama chake kipya, Aspire, akambwaga Biggs kwa kura 40,804 dhidi ya 33,487, na Aspire ikachukua viti 24 kati ya 45. Wachambuzi wengi waliandika kwamba jamii imepiga kura kwa damu. Basi tuhesabu. Mwaka 2018, jamii hiyo hiyo, misikiti hiyo hiyo, magazeti hayo hayo ya Kibangali, Biggs alishinda umeya kwa kishindo na Labour ikazoa viti 42 kati ya 45. Aspire haikupata hata kimoja. Damu ya watu haikubadilika ndani ya miaka minne. Isitoshe, asilimia 34.6 ni theluthi na kidogo, na ndani yake kuna watoto wengi wasio na umri wa kupiga kura. Peke yake haikupi meya. Na miongoni mwa waliomshtaki Rahman 2014 alikuwemo mwenye asili hiyo hiyo. Kinachodaiwa kuwa ukuta mmoja ni nyumba ya vyumba vingi, na wenye nyumba wanagombana humo ndani kila siku.

Kilichobadilika ni maisha. Bei ya kikomo ya umeme na gesi ilipanda kwa asilimia 54 Aprili 2022, mwezi mmoja kabla ya kura. Biggs alikuwa ameacha sifa ya mtu wa kufunga barabara za mitaa kwa magari kwa jina la hewa safi. Wazo lina utetezi wake, lakini dereva wa teksi wa Bethnal Green na mama anayepeleka watoto watatu kwenye shule tofauti walilipokea kama adhabu. Rahman akaahidi kufungua barabara, kusaidia wanafunzi kwa fedha na kulisha watoto shuleni. Mwaka 2023 Tower Hamlets ikawa halmashauri ya kwanza England kutoa chakula cha mchana bure hadi kwa wanafunzi wa sekondari. Wakati huo familia nyingi za kipato cha wastani zilikuwa zimekwama juu kidogo ya kiwango cha kupata msaada: zina kazi, zina deni, hazina nafuu. Mtoto wa nyumba kama hiyo alikuwa akipanga foleni ya chakula akihesabu salio la akaunti yake ya kantini. Sasa anachukua sahani na kukaa. Ukimwambia mama yake kwamba amepiga kura ya kikabila, atakutazama tu.

Upande wa pili nao una hoja yake dhaifu, kwamba hukumu ya 2015 ilikuwa chuki ya rangi iliyovaa joho. Siikubali kwa ujumla wake. Ushahidi wa ruzuku na wa kauli dhidi ya Biggs unasimama bila kumtaja Mwislamu hata mmoja. Lakini kwenye barua ya maimamu nadhani watetezi wa Rahman wana la kusema. Kosa la kumtisha mpiga kura kwa adhabu ya kiroho lilitungwa karne ya 19 kwa ajili ya mapadri wa Kikatoliki wa Ayalandi, pale ambapo padri alisimama madhabahuni na kumwambia mkulima kura fulani ni dhambi. Barua ya gazetini inayosema "mchagueni fulani" ni jambo jingine. Anayetoka Afrika Mashariki amewaona maaskofu na masheikh wakipanda majukwaani kila msimu, na anajua waumini wanavyowasikiliza, wanavyoitikia "amina", kisha wanakwenda kupiga kura wanavyotaka. Kumchukulia mpiga kura wa Whitechapel, mtaa wa Tower Hamlets, kuwa mtu asiyeweza kumkatalia imamu ni kumdharau. Na Bunge, badala ya kulizika kosa hilo, lililiandika upya kwenye sheria ya 2022 kama "shinikizo la kiroho lisilofaa".

Hoja yenye nguvu kweli ni ya tatu, nayo haina upande: mwananchi amesema. Alifungiwa, akamaliza adhabu, akarudi kuomba, akapewa. Nani zaidi ya mpiga kura ana haki ya kusamehe? Hapa siwezi kupita haraka, kwa sababu naiamini nusu. Mpiga kura ana haki ya kumpa kiti amtakaye. Lakini kumpa mtu kiti si kumruhusu kukikalia gizani, na mpiga kura wa Mei hana namna ya kuona kikao cha Novemba. Novemba 2024, wakaguzi waliotumwa na serikali kuu walitoa ripoti inayoeleza halmashauri yenye mazingira waliyoyaita ya sumu, ambamo maamuzi yanazunguka kwa meya na kundi dogo linalomzunguka, na wenye maoni tofauti hawathaminiwi. Wajumbe maalumu wa waziri wakaingia mwanzoni mwa 2025 kuisimamia. Ni mara ya pili: Desemba 2014 Pickles naye alipeleka makamishna wake, baada ya ukaguzi wa kampuni ya PwC kuikosoa halmashauri kwa namna ilivyogawa ruzuku na ilivyouza jengo la zamani la manispaa ya Poplar. Miaka kumi, mtu yule yule, lakini pia kiti kile kile, na wasimamizi kutoka Whitehall, yaani serikali kuu, ambao mkazi wa Stepney hakuwachagua. Katikati ya meya na waziri hakuna kitu. Madiwani wa upinzani wanaweza kuuliza maswali hadi usiku wa manane, na bajeti itapita.

Msimu huu kiti hicho kimezidi kuwa hatari, na ajabu ni kwamba hakuna anayelizungumza. Sheria ya 2022 iliondoa chaguo la pili kwenye kura ya meya; sasa anayeongoza tu, hata kwa kura pungufu ya nusu, anachukua. Rahman mwenyewe mwaka 2014 na 2022 alihitaji kura za chaguo la pili ili avuke. Wakigawana kura wagombea wanne au watano wenye nguvu zinazokaribiana, mtu anaweza kukabidhiwa madaraka yote niliyoyaeleza na theluthi moja ya waliojitokeza. Pickles aliogopa mtu mmoja kupiga kura mbili. Mimi naogopa zaidi theluthi kumpa mtu mmoja kila kitu.

Na hapa ndipo wale wa grupu la WhatsApp wanapohusika kuliko wanavyodhani. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali, hata kwa viza ya masomo au ya kazi ya kulea wazee, ana haki ya kupiga kura kwenye halmashauri anayoishi, na hata kwenye uchaguzi wa Bunge. Mkenya anayo, Mtanzania, Mganda, na Mnyarwanda tangu nchi yake ijiunge 2009. Mkongo na Mrundi hawanayo, mpaka wapate uraia wa Uingereza. Nimeona nyumba ambamo Mmombasa na Mrundi wanachangia jiko, wote wanalipa kodi ya halmashauri ile ile, mmoja anatamani kura asiyoweza kuipata na mwingine ameitia kapuni barua ya kujiandikisha akidhani imemfikia kwa makosa. Barua hiyo haikukosea anwani. Kwenye mstari wa uraia anaandika "Kenya" na fomu inapokelewa. Kituoni pasi ya Kenya inakubalika kama kitambulisho. Kwa uchaguzi huu daftari linafungwa tarehe 20 Aprili 2026.